Utaifa wa Marekani baada ya vita ya 1812: Calhoun na Webster walivyobadilishana upande

Kuna mwanasiasa mmoja wa South Carolina anaitwa John C. Calhoun, huyu ukimsoma nusu nusu lazima akuchanganye. Februari 1817 alisimama kwenye Baraza la Wawakilishi kule Washington akawasihi wenzake waifunge nchi pamoja kwa barabara na mifereji, "tuushinde umbali" akawaambia, maana nchi imekuwa kubwa mno na watu wakikaa mbali mbali bila kuonana mwishowe kila mmoja atashika njia yake. Miaka 11 baadaye, 1828, mtu huyo huyo, tena sasa akiwa makamu wa rais, akakaa akaandika waraka kwa siri bila kuweka jina lake, unaosema jimbo moja tu lina haki ya kuikataa sheria ya serikali kuu ikawa haina nguvu ndani ya mipaka yake.

Sasa mweke pembeni yake Daniel Webster. Huyu ni wa New Hampshire, baadaye akahamia Massachusetts, na yeye na Calhoun wamezaliwa mwaka mmoja, 1782. Webster alianza upande mwingine kabisa: wakati wa vita ya 1812, ile ya Marekani na Uingereza, alikuwa anaipinga, Desemba 1814 akatoa hotuba kali dhidi ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima na akagusia kwamba majimbo yana wajibu wa kuwakinga watu wao. Halafu mwaka 1830 ndiye huyo huyo anapiga hotuba Seneti inayomalizia na maneno ambayo watoto wa shule Marekani walikuja kuyakariri, uhuru na muungano, sasa na milele, kitu kimoja kisichotengana.

Wamepishana njiani, mmoja anakwenda mwingine anarudi. Wengi huwa wanasema ni wanasiasa tu, vigeugeu, wanapita. Mimi naona ukifuatilia kwa nini walipishana ndio unaelewa utaifa wa Marekani wa miaka ile ulikuwa kitu gani hasa. Haukuwa hisia moja iliyowashukia wote kwa pamoja. Yalikuwa makubaliano ya maslahi, aliyekuwa anafaidika nayo ndiye aliyesema "taifa", na siku hesabu zilipogeuka na yeye akageuka.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1810 Marekani ina watu kama milioni 7.2, na ukimuuliza mtu wa Virginia nchi yake ni ipi kuna uwezekano mkubwa akakujibu Virginia. Serikali kuu kwa mtu wa kawaida ni posta na ofisi ya forodha bandarini, basi. Kilichowachokoza ni Uingereza, ambayo ilikuwa kwenye vita na Napoleon na ilikuwa na njaa ya mabaharia, kwa hiyo manowari zake zinasimamisha meli za Marekani baharini na kukamata watu kwa nguvu, maelfu ya watu, kwa madai kwamba ni raia wa Uingereza waliotoroka. Mwaka 1807 manowari Leopard ikaifyatulia mizinga meli ya kivita ya Marekani iitwayo Chesapeake karibu na pwani ya Virginia, watu 3 wakafa palepale na mabaharia 4 wakachukuliwa. Rais Thomas Jefferson akajibu kwa kufunga bandari zisiuze nje, na waliokufa njaa ni wenye meli wa New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki, sio Waingereza.

Hapa kuna kitu cha ajabu nataka ukishike. Vita ilipotangazwa Juni 1812, kura zilikuwa 79 kwa 49 kwenye Baraza la Wawakilishi na 19 kwa 13 Seneti, yaani nchi imegawanyika, na waliopinga zaidi ni watu wa New England, ndio hao wenye meli, ambao mabaharia wao ndio waliokuwa wanakamatwa! Waliotaka vita ni vijana wa kusini na magharibi, Calhoun wa South Carolina na Henry Clay wa Kentucky, watu wa bara. Kwa nini? Kwa sababu magharibi kulikuwa na Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, aliyekuwa anaunganisha makabila ya wenyeji kuzuia ardhi isiendelee kuchukuliwa, na walowezi waliamini Waingereza wa Canada ndio wanaompa bunduki. Heshima ya taifa ilikuwepo kweli kwenye hotuba zao, lakini chini yake kulikuwa na ardhi.

Vita yenyewe ilienda vibaya. Detroit ilisalimishwa Agosti 1812, Canada haikutekwa, na Agosti 1814 Waingereza wakaingia Washington wakachoma jengo la Bunge na Ikulu. Wiki tatu baadaye wakaja Baltimore, wakaipiga ngome ya McHenry usiku kucha, na asubuhi bendera kubwa iliyoshonwa na mama mmoja wa Baltimore, Mary Pickersgill, bado inapepea. Mwanasheria Francis Scott Key aliyekuwa anaangalia kutoka majini akaandika shairi, na shairi hilo likaimbwa kwa tyuni ya wimbo wa klabu moja ya London. Ndio wimbo wa taifa wa Marekani mpaka leo, ingawa ulipitishwa rasmi 1931 tu. Kwenye ubeti wa tatu Key anawatishia kifo "mamluki na mtumwa", na kuhusu hilo neno mtumwa nitarudi.

Desemba mwaka huo huo wajumbe 26 wa New England wakakutana Hartford, Connecticut, milango imefungwa, wiki tatu. Kuna waliotaka majimbo yao yajitoe kwenye muungano, ila wenye busara zaidi wakashinda na mkutano ukatoa madai ya kubadilisha katiba: vita isitangazwe bila theluthi mbili za Bunge, rais asitoke jimbo lile lile mara mbili mfululizo (Virginia walikuwa wameushika urais kama urithi), na kusini isipewe tena viti vya Bunge kwa kuhesabu watumwa ambao hawapigi kura, maana kila watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3. Dai hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lilikuwa na haki kuliko yote na ndilo lililosahaulika upesi kuliko yote.

Wakatuma ujumbe Washington kupeleka madai. Jaribu kuwafikiria wale wajumbe njiani Februari 1815, barabara mbovu, baridi, na kila mji wanaopita wanakuta watu wanashangilia. Habari zilikuwa zimefika kwamba Jenerali Andrew Jackson amewapiga Waingereza New Orleans tarehe 8 Januari, wao wamepoteza watu kama 2,000 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa, wake hawafiki hata mia. Hapo hapo ikafika habari nyingine kutoka Ulaya, mkataba wa amani ulishasainiwa Ghent tarehe 24 Desemba, yaani Jackson alipigana wiki mbili baada ya amani kusainiwa na hakuna aliyejua, maana habari inavuka bahari kwa tanga. Wajumbe wa Hartford wakafika mjini wakaonekana wasaliti na watu wa kuchekwa, wakaondoka na karatasi zao. Chama chao cha Wafederalisti hakikuinuka tena. Uchaguzi wa 1820 James Monroe, wa chama kilichowapinga, akapata kura zote za wajumbe wa uchaguzi isipokuwa 1.

Huo mkataba wa Ghent ukiusoma hauna kitu, mipaka inarudi ilipokuwa na suala la mabaharia halimo kabisa. Kwenye karatasi ni sare. Lakini mpangilio wa habari, kwanza ushindi halafu amani, ukawafanya watu waamini wameishinda Uingereza mara ya pili. Albert Gallatin, mzaliwa wa Geneva aliyekuwa waziri wa fedha, aliandika mwaka 1816 kwamba vita imewafanya watu wawe Wamarekani zaidi, wanajisikia na kutenda kama taifa. Nadhani alikuwa sahihi kwa watu aliokuwa anawaona yeye.

Sasa njoo 1816, hapa ndipo hisia zinageuka sheria. Vita iliwafundisha serikali isiyo na benki haiwezi kukopa na isiyo na barabara haiwezi kuhamisha mizinga. Bunge likaanzisha Benki ya Pili ya Marekani yenye mtaji wa dola milioni 35, na likapitisha ushuru wa forodha ambao kwa mara ya kwanza lengo lake wazi ni kulinda viwanda vya ndani. Calhoun alivitetea vyote viwili.

Ule ushuru una kipengele kimoja naomba tukitazame kwa karibu. Francis Cabot Lowell, mwenye kiwanda cha nguo Waltham karibu na Boston, alikwenda mwenyewe Washington kuwashawishi wabunge. Wakakubaliana kwamba nguo ya pamba ikiingia kutoka nje italipa asilimia 25, lakini nguo yoyote ya bei chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba itahesabiwa kana kwamba bei yake ni senti 25. Piga hesabu. Nguo ya India ya senti 10 inalipa senti 6 na robo, yaani zaidi ya asilimia 60 ya bei yake! Nguo nzuri ya Uingereza haikuguswa sana, iliyofungiwa mlango ni ile nzito ya bei rahisi kutoka India, ambayo ndiyo kiwanda cha Waltham kilikuwa kinatengeneza aina yake. Na Calhoun akaona sawa kwa sababu viwanda vya kaskazini vitanunua pamba ya South Carolina. Kila mtu anafaidika, na wote wanaliita jambo la taifa.

Kwetu pwani hii stori tunaijua upande wa pili bila kujua. Nguo ya merikani, ile pamba nzito isiyopakwa rangi ambayo misafara ilibeba kutoka Zanzibar mpaka Tabora na Ujiji, ilitoka kwenye viwanda hivyo vya Massachusetts vilivyokua nyuma ya ukuta wa ushuru, ikaletwa na meli za wafanyabiashara wa Salem wanaorudi na pembe na gundi ya msandarusi. Mwaka 1833 Edmund Roberts akasaini mkataba wa biashara na Sayyid Said kwa niaba ya Marekani. Na pamba iliyofumwa humo kwa sehemu kubwa ililimwa na watumwa weusi.

Barabara ndizo zilikwama. Mpango wa Calhoun wa 1817 ulikuwa kutumia fedha zinazotoka Benki kujenga barabara na mifereji, Bunge likapitisha, halafu Rais Madison siku moja kabla ya kutoka madarakani akaukataa akisema katiba haimpi Bunge uwezo huo. Jimbo la New York likaamua kuchimba lenyewe mfereji wa Erie, maili 363 kutoka mto Hudson mpaka ziwa Erie, ukaisha 1825, na gharama ya kusafirisha tani moja kutoka Buffalo mpaka New York ikashuka kutoka kama dola 100 mpaka kama 10. Kazi iliyounganisha nchi kuliko zote wakati ule ilifanywa na jimbo.

Mahakama nayo ikaweka mkono wake. Jaji Mkuu John Marshall ni mtu wa Virginia aliyepigana chini ya George Washington akiwa kijana, na mwenyewe aliandika kwamba huko jeshini ndiko alikozoea kuiona Marekani nzima kuwa nchi yake na Bunge kuwa serikali yake. Mwaka 1819 jimbo la Maryland lilitaka kulitoza kodi tawi la Benki ya Pili lililoko Baltimore, kesi ikafika kwake, na upande wa Benki mmoja wa mawakili alikuwa Daniel Webster (umeona ameshaanza kuhama). Marshall akaamua kwamba Bunge lina uwezo hata usiotajwa kwa jina kwenye katiba ilimradi unatumikia kazi zilizotajwa, na jimbo haliwezi kutoza kodi chombo cha serikali kuu, maana uwezo wa kutoza kodi ni uwezo wa kuua.

Wakubwa wa kusini wakashtuka, na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kwa nini kesi ya benki iwatishe wenye mashamba? Mwaka mmoja kabla, Nathaniel Macon wa North Carolina alishamwandikia rafiki yake wazi, kwamba kama Bunge linaweza kuchimba mifereji basi linaweza pia kuwaachia huru watumwa. Ukishaielewa hiyo sentensi umeelewa karibu siasa yote ya kusini kuanzia hapo. Serikali kuu yenye nguvu ilikuwa nzuri ilipokuwa inawapiga Waingereza na kuchukua ardhi, ila nguvu hizo hizo siku moja zinaweza kugeuzwa. Na siku hiyo ilionekana kukaribia: Februari 1819 mbunge James Tallmadge wa New York akapendekeza Missouri isiingie kama jimbo mpaka ianze kuacha utumwa, nchi ikawaka moto kwa mwaka mzima, mpaka 1820 wakapatana Missouri iingie na watumwa, Maine iingie bila, na kaskazini ya latitudo 36°30′ kwenye eneo lililobaki la Louisiana (ardhi kubwa iliyonunuliwa kutoka Ufaransa) utumwa usiwepo. Jefferson mzee akaandika kwamba habari hiyo ilimwamsha kama kengele ya moto usiku.

Mwaka 1819 huo huo bei ya pamba ikaporomoka na mabenki yakayumba. Halafu 1822 Charleston, mji wa bandari wa South Carolina, wakanyonga watu 35 kwa njama ya uasi iliyosemekana kuongozwa na Denmark Vesey, mweusi huru aliyejikomboa kwa fedha ya bahati nasibu. South Carolina ikaingiwa na hofu, ikatunga sheria kwamba baharia yeyote mweusi aliye huru meli yake ikitia nanga atiwe jela mpaka meli iondoke. Jaji wa serikali kuu, William Johnson, ambaye ni mtu wa huko huko Charleston, akasema 1823 sheria hiyo inavunja katiba na mikataba ya nchi. Jimbo likampuuza, likaendelea kufunga watu. Huwa tunafundishwa kwamba South Carolina ilianza kubatilisha sheria za taifa kwa sababu ya ushuru. Hapana, ilianza na mabaharia weusi, miaka 10 kabla, na hakuna aliyeizuia.

Nilisema nitarudi kwa watumwa wa ule wimbo. Wakati wa vita Waingereza waliahidi uhuru kwa atakayetorokea kwao, na watu kama 4,000 wakatoroka, wengine wakavaa sare na kupigana kwenye Ghuba ya Chesapeake, baada ya vita wakapelekwa Nova Scotia na Trinidad. Kwao bendera ya Baltimore haikuwa habari njema. Lakini pia kulikuwa na weusi huru waliosimama na Jackson New Orleans kwa ahadi ya malipo na ardhi sawa na wazungu. Halafu Desemba 1816 wakubwa wakakutana Washington, Henry Clay akiongoza kikao, wakaunda chama cha kuwapeleka weusi huru Afrika, ndicho kilichozaa Liberia. Januari 1817, wiki chache tu kabla ya hotuba ya Calhoun ya kuifunga nchi pamoja, karibu watu 3,000 weusi wakajaa kwenye kanisa la Betheli, Philadelphia, wakiwemo mchungaji Richard Allen na James Forten mshona matanga, ambaye akiwa mtoto alipigana baharini kwenye vita ya uhuru akatekwa na Waingereza. Walipoulizwa nani anakubali kuondoka, hakutoka hata mmoja. Wakasema wazee wao ndio waliofungua mashamba ya nchi hii, na hawatawaacha ndugu zao walioko utumwani. Mimi nikitafuta utaifa wa Kimarekani usio na hesabu ya faida ndani yake, naukuta kwenye kanisa lile.

Wenyeji nao walilipa. Tecumseh aliuawa Oktoba 1813, na Machi 1814 Jackson akawavunja Wacreek pale Horseshoe Bend akisaidiwa na Wacherokee, kisha mkataba wa Fort Jackson ukachukua ekari kama milioni 23, mpaka za Wacreek waliopigana upande wake! Ardhi hiyo ndiyo ikawa sehemu kubwa ya Alabama, ikapandwa pamba, watumwa wakauzwa kutoka Virginia na Maryland kuja kuilima. Wacherokee wakajaribu kucheza kwa kanuni za taifa jipya, wakaandika katiba yao 1827, wakachapisha gazeti kwa maandishi aliyobuni Sequoyah, wakaenda kortini, na 1832 Marshall akawapa haki dhidi ya Georgia. Haikutekelezwa. Mwaka 1838 wakatolewa kwa mtutu.

Kwa hiyo 1828 inapofika, Massachusetts imeshahamisha mitaji yake kutoka meli kwenda viwanda, na Webster aliyekuwa anapinga ushuru anaupigia kura. South Carolina inauza pamba nje kwa bei ya chini na kununua bidhaa kwa bei iliyopandishwa, na Calhoun anaandika ule waraka wake. Aprili 1830 kwenye karamu ya kumkumbuka Jefferson, Jackson, yule jenerali ambaye sasa ni rais, alisimama akanyanyua glasi: muungano wetu, lazima ulindwe. Calhoun akasimama baada yake: muungano, ukiacha uhuru wetu, ndio kitu tunachokipenda zaidi. Rais na makamu wake, chumba kimoja, mbele ya watu.

Novemba 1832 South Carolina ikatangaza kubatilisha ushuru, Jackson akajibu kwamba kujitenga kwa silaha ni uhaini, Calhoun akajiuzulu umakamu akaingia Seneti, na Machi 1833 Clay akapatanisha kwa ushuru unaoshuka polepole. Watu wakapumua. Sheria ya mabaharia weusi haikuguswa na yeyote. Mwaka 1844 Massachusetts ikamtuma mwanasheria Samuel Hoar, mzee wa heshima, aende Charleston kuipinga mahakamani kwa niaba ya raia wake waliokuwa wanafungwa, alifuatana na binti yake, na bunge la South Carolina likapitisha azimio la kumfukuza, watu wakaanza kukusanyika nje ya hoteli, ikabidi aondoke mjini bila kesi hata moja kusikilizwa.